Wakuu, hili neno "solipsizimu" ni ubinafsi au ni kitu kingine? Naomba kueleweshwa

MkaaDirishani

Habari zenu wakuu. Kazi yangu natafsiri tamthilia za nje, yale maandishi mnayoyasoma chini ya kioo. Juzi nimepewa episodi moja, mke kagombana na mumewe jikoni, anamwambia wewe ni solipsisti, basi nikafungua kamusi haraka haraka nikaona kitu kama kujipenda kupita kiasi, nikaandika "wewe ni mbinafsi" nikasonga mbele maana kazi yenyewe inalipwa kwa dakika. Mhariri kanirudishia, kaandika kwa rangi nyekundu hili ni neno la falsafa, katafute maana yake.

Nikatafuta kweli. Nimekuta kwamba ni fikra ya mtu kusema mimi tu ndo nipo, nyie wengine wote pamoja na dunia nzima ni kama picha zinazopita kichwani mwangu. Nikaona ni mambo ya ajabu tu nikafunga kompyuta.

Sasa jana mvua imenyesha ile ya kufunga mtaa. Nakaa ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, nimesimama dirishani na chai, nikiangalia chini sioni watu kabisa, naona miavuli. Mweusi, wa bluu, mwingine mweusi, mmoja wa maua maua waya mmoja umechomoka kitambaa kinapigapiga, inapishana inakwepana na madimbwi. Likanijia lile neno. Hivi nina uhakika gani kwamba chini ya kila mwavuli kuna mtu anayejisikia kutoka ndani kama ninavyojisikia mimi? Kwa macho yangu naona kitambaa kinatembea. Wakuu nimelala saa tisa usiku na sikunywa chochote.

Naomba anayejua anieleze hili neno limetoka wapi, lina maana gani hasa, na Kiswahili chake tunasemaje. Na kama kuna mtu aliwahi kuijibu hiyo hoja ikajibika nitashukuru zaidi.

Kinanda85

Mkuu kwanza usijilaumu, na huyo mhariri mwambie kwa heshima kwamba na yeye kapata nusu tu. Neno lenyewe limeungwa kwa Kilatini, *solus* ni peke yake, *ipse* ni mwenyewe. Peke yake mwenyewe, basi. Lakini safari yake ndo tamu, ngoja nikupe.

Mwaka 1645 kule Venice kilitoka kitabu cha Kilatini cha kuwasema Wajesuiti, wale watawa wa shirika moja la Kikatoliki, mwandishi kajificha nyuma ya jina la bandia, kinaeleza habari za ufalme wa watu wanaoitwa *Solipsi*, yani watu wa mimi-tu, watu wasiomjali mwingine. Hadi leo wasomi wanabishana nani aliandika, wengine wanamtaja Melchior Inchofer ambaye mwenyewe alikuwa Mjesuiti, wengine Giulio Clemente Scotti ambaye aliwahi kuwa Mjesuiti akatoka. Kwa hiyo hapo neno lilikuwa la kumsema mtu vibaya, na maana yake ni kama hiyo uliyoiandika wewe.

Halafu njoo mwaka 1788, Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, kwenye kitabu chake cha uhakiki wa akili ya utendaji, anazungumzia zile tamaa zote za mtu kujitazama yeye tu, anaziita *solipsismus*. Bado ni ubinafsi! Na ndani yake anatenga kujipenda na kujiona. Hajagusa kabisa habari ya kama watu wengine wapo au hawapo.

Sasa sikia hii. Kwenye hiyo hiyo karne ya 18 watu waliodhaniwa kuamini kwamba wao tu ndo wapo walishakuwa na jina lao, Christian Wolff kule Ujerumani aliwaita *maegoisti*. Yani leo ukisema egoisti unamaanisha mbinafsi, zamani ilikuwa ni yule wa mimi tu ndo nipo, na solipsizimu ilikuwa ndo ubinafsi. Maneno mawili yalibadilishana nguo njiani! Schopenhauer, mwanafalsafa mwingine wa Ujerumani, kwenye kitabu kilichotoka mwishoni mwa 1818 bado anaiita hiyo fikra egoizimu ya nadharia. Ni ndani ya karne ya 19 ndipo solipsizimu ikahamia upande huu tunaoujua leo, na ile maana ya zamani ikabaki inasikika kwa mbali watu wanapogombana, kama huyo mama wa jikoni kwenye tamthilia yako. Mimi naamini yule mama alikuwa anamwambia mumewe vyote viwili.

Chuma_cha_Reli

Naheshimu michango ila mimi naona hii ni falsafa ya watu walioshiba. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kugombania daladala Mbagala hawezi kujiuliza kama wengine wapo, anawasikia mbavuni. Mtu akikwambia wewe haupo mpige kofi moja safi, akilalamika muulize nani kakupiga. Mjadala umeisha.

Kinanda85

@Chuma_cha_Reli kaka nimekuelewa na kofi ni jibu la zamani sana, lakini haliishii hapo. Fikiria, huyo bwana akipigwa anasikia nini? Maumivu yake. Anaona nini? Mkono unakuja, machoni pake. Vyote ulivyompa vimeingia kwenye kapu lile lile la "mambo ninayoyaona na kuyasikia mimi". Hata ndotoni mtu anapigwa akaamka kashika shavu. Ndo maana Schopenhauer akasema hii hoja haiwezi kubomolewa kwa uthibitisho, ni kama kiboma kidogo mpakani, huwezi kukiteka, lakini na askari waliomo ndani nao hawawezi kutoka, kwa hiyo unaweza kukipita ukaenda zako bila wasiwasi. Na akasema mtu anayeiamini kwa dhati utampata kwenye hospitali ya vichaa tu.

Na kuhusu walioshiba, mimi nimeanza kuwaza haya nikiwa nauza maji stendi. Njaa haizuii kichwa kufanya kazi.

Chuma_cha_Reli

Hapo kwenye stendi nimekukosea, samahani. Endeleeni nasoma.

Funguo_Tatu

MkaaDirishani, ulichokiona kwenye hilo dirisha kina karibu miaka mia nne, na sijui kama unajua. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes kwenye Tafakuri zake za 1641, ile ya pili, anasema anaangalia dirishani watu wanapita barabarani, na kwa mazoea anasema "naona watu", lakini akijiuliza vizuri anaona nini zaidi ya kofia na makoti ambayo yangeweza kufunika mashine zinazojiendesha? Kofia na makoti kwake, miavuli kwako. Niliposoma post yako nywele zimenisimama.

Ila tuwe makini, Descartes hakuwa solipsisti. Yeye alikuwa anatafuta kitu kisichotikisika. Akaanza kubomoa, macho yanadanganya, sasa hivi nimekaa karibu na moto na joho langu lakini ndotoni pia nimewahi kukaa hivi hivi, na je kama kuna jini lenye nguvu na hila limeamua kunidanganya kwa kila kitu? Akabomoa akabomoa akakuta tofali moja halibomoki, kwamba hata nikidanganywa lazima niwepo ili nidanganywe. Ile "nafikiri kwa hiyo nipo" alishaiandika mwaka 1637 kwenye kitabu kingine. Shida ni kwamba ukishasimama juu ya tofali moja, utatokaje kwenda kwa jirani? Yeye alitoka kwa kuthibitisha kwanza kwamba Mungu yupo na Mungu hadanganyi. Asiyekubali hiyo hatua anabaki pale juu ya tofali lake peke yake, na huko kubaki ndo solipsizimu.

Kwa hiyo ukiitafsiri uangalie wanasema ipi. Kuna anayesema kabisa hakuna kingine ila mimi, huyo ndo mkali na kiukweli ni vigumu kumtaja aliyeishi hivyo. Kuna anayesema mpole zaidi, wengine huenda wapo ila siwezi kujua, na nadhani wewe jana usiku ulikuwa hapa. Na kuna anayeanzia kwa "mimi" kama njia tu ya kupangilia mawazo halafu anatoka, kama Descartes.

Binti_Pangani

Assalaam alaykum na habari za jioni. Mnaanza na Wazungu wa 1600 na kitu, naomba niongeze kwamba Imam Ghazali alipita njia hiyo hiyo zaidi ya miaka mia tano kabla. Alifariki mwaka 1111. Kwenye kile kitabu chake cha kusimulia maisha yake, *al-Munqidh min al-Dalal*, anasema alitaka elimu ya yakini, akaanza kukagua anachokiamini. Jicho linaangalia kivuli linasema kimesimama, baada ya saa moja unakuta kimesogea. Linaangalia nyota linaiona kama dinari, halafu hesabu zinakwambia ni kubwa kuliko dunia. Basi macho si mashahidi wa kuaminika. Akahamia kwenye akili, macho yakamjibu, ulituamini sisi mpaka akili ikaja kutukanusha, je kama nyuma ya akili kuna hakimu mwingine akitokea ataikanusha na akili? Na akatoa mfano wa ndoto, tunaamini kila kitu mle ndani mpaka tunaamka.

Alikaa na ugonjwa huo karibu miezi miwili. Anauita ugonjwa, hajifichi. Na akapona, anasema, si kwa kupanga hoja ila kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Baba alinisomea hii habari kibarazani nikiwa darasa la saba, akanisimamisha nikaangalie kivuli cha mnazi ukutani, tukaweka alama ya mkaa. Tulirudi baada ya swala kivuli kimeondoka kwenye alama. Sijasahau.

Sisemi Ghazali ni solipsisti, hapana, shaka yake ilikuwa kwenye kujua, hakuishia kusema mimi tu ndo nipo. Lakini kama unakosa usingizi kaka ujue mtu mkubwa kuliko sisi alikosa raha miezi miwili kwa swali la ukoo huo huo.

MkaaDirishani

Dada Binti nimesoma hiyo ya mkaa ukutani mara tatu. Asante sana. Na wewe Funguo_Tatu, ile ya kofia na makoti sikuijua kabisa naapa.

Ila swali langu la mwisho bado, kuna aliyelijibu?

nesi_wodi4

Mimi falsafa sijasoma chuoni, nimesoma kidogo kidogo kwa vitabu vya kuazima, lakini kazi yangu ni hiyo hiyo mnayoizungumza kila siku, niko wodi ya watoto. Maumivu ya mtu mwingine siyaoni. Nina karatasi ina sura sita za katuni, ya kwanza inacheka ya mwisho inatoka machozi, namwambia mtoto nionyeshe wewe uko kama nani. Mwezi uliopita aliletwa mtoto wa miaka sita kaanguka kwenye mwembe, mkono umepinda, halii, kanyamaza kimya anaangalia ukuta. Wanafunzi wakadhani haumwi sana. Nikamwekea karatasi, akanyoosha kidole cha mkono mzima akakiweka juu ya ile ya mwisho akakiacha hapo hapo.

Kuna jibu la mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill la 1865 kwamba tunajua wengine wanajisikia kwa kufananisha, mwili wangu ukiumia nalia, wewe una mwili kama wangu na unalia, basi ndani yako kuna kama changu. Watu wakamkosoa kwamba anajenga kanuni ya watu wote kwa mfano wa mtu mmoja tu, yeye. Na mtoto wangu wa mwembe hakulia, kwa hiyo kufananisha kungenidanganya.

Mimi jibu lililonikaa ni la mwanafalsafa Wittgenstein, kitabu kilichotoka 1953 yeye ameshafariki. Anasema tuseme kila mtu ana kiboksi chake, ndani kuna kitu tunakiita mdudu, hakuna anayeruhusiwa kuchungulia cha mwenzake. Huenda kila mtu ana kitu tofauti, huenda kingine kitupu, na bado neno "mdudu" tungelitumia. Basi neno halipati maana kwa hicho kilichomo ndani ya boksi. Nilipoisoma sikuielewa mpaka siku moja nipo mapokezi, mtoto anayejifunza kutembea kaanguka, kamwangalia mama yake kwanza, bado hajaamua kulia, mama akasema "pole, imeuma eeeh, imeuma wapi?" ndo mtoto akapasuka kilio akasema "muma". Jamani hilo neno kalipata wapi? Kapewa na mama yake palepale sakafuni. Sasa mtu mzima akija kuniambia nina hakika na maumivu yangu tu ya wengine siyajui, neno "maumivu" lenyewe amelipata kwa mtu aliyemwambia pole. Angekuwa peke yake toka mwanzo asingekuwa hata na lugha ya kujiambia kwamba yuko peke yake.

Na kaka MkaaDirishani, kwa unesi sasa, kama hiyo hali ya kuona watu kama si wa kweli inarudi na inakaa, au unajiona mwenyewe kama uko mbali na mwili wako, hiyo inatokea kwa watu hasa wakikosa usingizi au wakiwa na msongo, uende ukamwone daktari, si jambo la aibu.

MkaaDirishani

Nimelala vizuri leo dada, asante. Ilikuwa usiku ule tu.

Jamvi_la_Kigoma

Nimechelewa ila hii mada siwezi kuipita. Rudini kwenye "nafikiri kwa hiyo nipo". Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyefariki 1981, aliangalia lugha zetu za Kibantu akasema hiyo sentensi huku inakatika, kwa sababu sisi kitenzi cha kuwa kinadai kufuatwa na sifa au mahali. Ukisema "kwa hiyo mimi ni..." msikilizaji anasubiri, ni nini? Ni wapi? Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana, akaichukua hoja akaipima kwa Kiakan chao, akakuta nao kusema kitu kipo ni kusema kipo pale, mahali fulani. Sasa Descartes anataka kusema yupo huku ameshatilia shaka kila mahali, mpaka mwili wake. Kwa lugha hizo anabaki hewani.

Angalieni Kiswahili. Nipo, niko, nimo. Hizo po, ko, mo ni mahali! Pale, huko, mle. Huwezi kusema upo bila kujiweka mahali, na ukishakuwa na mahali kuna pembeni yake, na pembeni anakaa mtu. Na sisi hilo neno tunalitumia lini hasa? Tunakutana njiani, "Upo?" "Nipo bwana!" Sentensi nzima ya Descartes sisi ni jibu la salamu. Kuna mtu kaniuliza kwanza.

Funguo_Tatu

Hapo nakupenda na nakupinga. Nakubali kwamba tafsiri inavuja na watu walishangilia "nafikiri kwa hiyo nipo" bila kuisikia. Lakini sarufi haiwezi kuthibitisha kwamba jirani yupo. Ingekuwa hivyo basi mtu akizaliwa kwenye lugha nyingine ana haki ya kuwa solipsisti na wewe huna? Descartes atakujibu sawa, lugha yako inadai mahali, hiyo ni habari ya lugha yako. Na hata ndotoni watu wananiuliza upo, najibu nipo.

Jamvi_la_Kigoma

Upo sahihi haithibitishi, na Wiredu mwenyewe alikuwa anatenganisha hoja inayotegemea lugha na ile isiyoitegemea, hakuwa mtu wa pupa. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Kwamba hili swali halionekani la asili kwa kila mtu, limeingia kwa mlango wa namna fulani ya kusema "kuwa", na Mswahili akiuliza kwa lugha yake anatakiwa kwanza aone kama anauliza kitu kile kile. Hakuna ubaya kuuliza.

Halafu wewe mwenyewe Funguo unabishana na mimi hapa saa tano usiku. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell kwenye kitabu chake cha 1948 anasimulia alipata barua kutoka kwa mwanamantiki mashuhuri Christine Ladd-Franklin, anamwambia yeye ni solipsisti na anashangaa kwanini wengine nao sio. Russell akasema, kwa mwanamantiki na solipsisti, mshangao huo ulimshangaza. Ukishamwandikia mtu barua umeshamweka mahali.

Kinanda85

Turudi kwa mtoa mada anahitaji neno lake. Kwa maandishi ya darasani mimi ningeacha solipsizimu ilivyo, maana ukisema ubinafsi unampoteza msomaji, na haya majina ya kuunda kama unafsipekee mtu atalisoma mara mbili na bado asielewe. Labda useme "fikra ya nafsi pekee" halafu uifafanue mara moja. Ila kwa kioo una sekunde mbili tu na mama anagomba jikoni.

MkaaDirishani

Wakuu nimerudi, kazi nimeituma mchana huu na imepita. Nilirudia kile kipande mara nyingi nikawa naangalia uso wa yule mama na sio maandishi. Mume kakaa mezani anakula, sahani moja tu, hajauliza kama wengine wamekula, watoto wako mlangoni wamesimama, na mama hapigi kelele, anaongea taratibu. Nikakumbuka ile ya Kinanda ya solus na ipse, peke na mwenyewe, na ya Jamvi kwamba lazima niweke mahali. Nikaandika: "Wewe unaishi kama uko peke yako duniani."

Mhariri kajibu neno moja, sawa. Mvua imeanza tena hapa. Yule wa mwavuli wa maua kumbe anauza vitafunwa kwenye geti letu, nimeshuka kununua sambusa nikamwambia mama waya wako umechomoka utakuchoma jicho, akasema najua mwanangu, juzi umeshanichoma, akanionyesha hapa juu ya nyusi.